Kuunganisha kijenzi cha nje na mfumo wa usimamizi wa seva

Umeeleza kwamba kijenzi cha miunganisho ya hifadhidata, kilichoandikwa na watu wengine, kinafanya kazi vizuri ndani ya seva yako ya Java ila hakionekani kwenye dashibodi ya usimamizi, nawe unafikiria kuhariri msimbo wake. Nisingekushauri hivyo, kwa sababu kila toleo jipya litakulazimu kuirudia kazi. Andika klasi ndogo ya kati inayosoma takwimu za kijenzi, uipe kiolesura cha wazi (public interface) ambacho jina lake linaishia na MXBean, kisha uisajili kwenye MBeanServer, yaani rejista ya Java ambamo dashibodi husoma vitu vinavyosimamiwa. Kitu kinachosajiliwa humo huitwa MBean, na MXBean ni aina yake mojawapo. Nimechagua MXBean badala ya MBean ya kawaida kwa makusudi: thamani zake hugeuzwa kuwa aina sanifu za Java, kama namba na maandishi, hivyo dashibodi iliyo kwenye mashine nyingine huzisoma bila kuhitaji klasi za kijenzi.

Linalosahauliwa na wengi, nami lilinikesha usiku mzima, ni kufuta usajili programu inapoondolewa. Usipofuta, ukiisakinisha upya utakutana na hitilafu ya InstanceAlreadyExistsException (jina hilo tayari limesajiliwa) na, baya zaidi, seva itaendelea kuzishikilia klasi za zamani kwenye kumbukumbu. Jina la usajili nalo litaje programu husika, kwa mfano com.mfano:type=Miunganisho,name=malipo, ili programu mbili zinazotumia kijenzi kilekile zisigongane.