Jibu: Mzee wa stoo anakosea hesabu, nimwachishe kazi?

Dada, umesema mtunza stoo wenu hapo Moshi ana miaka 57, kwa miezi mitatu sasa daftari halilingani na mzigo, na bosi anataka umwandikie barua ya kumwachisha "kwa sababu ya uzee". Barua hiyo usiiandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa humo waziwazi. Mzee ana siku 30 tangu aachishwe kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na neno hilo moja litawaumiza huko.

Anza na kazi yenyewe. Mwite faragha, si mbele ya vijana wa kupakia. Mwamkie kama kawaida, kisha mfungulie kurasa zenye makosa na umsikilize. Umesema matatizo yalianza mlipoingiza kompyuta. Je, alifundishwa, au alionyeshwa asubuhi moja tu? Pengine ni macho, na miwani inatosha. Mimi nguvu zangu zote ningeziweka hapo.

Mkishakubaliana, andikeni: afikie kipimo gani, kwa muda gani, nani atamsaidia. Kipimo kiwe kilekile cha vijana. Asipofikia, aitwe kwenye kikao ajitetee, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kumwachisha kunakuja baada ya hayo yote.

Na tafadhali, habari hizi asizisikie kwanza kwa wenzake.