Kipimo hakioni virusi: kwa nini mama asipumzike na vidonge?

SWALI: Shikamoo Nesi. Mama yangu wa Mlali, Kongwa, anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, tangu 2015. Vipimo viwili vya mwisho vimesema virusi havionekani, na CD4, zile seli za kinga, zimepanda. Anauliza: kama kinga imerudi, mbona isimalizie vilivyobaki, naye aache vidonge? Nilikosa jibu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama hongera yangu. Kumeza dawa miaka yote hiyo si kazi ndogo.

Nilipokuwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, niliulizwa hivyo mara nyingi, nami nikajibu tu kwamba daktari ndiye kasema. Mama anastahili zaidi ya hapo.

Mnadani, anayekagua ng'ombe hampasui tumbo. Anatazama hereni sikioni. Kinga nayo haiingii ndani ya seli. Karibu kila seli hukatakata protini zake na kuvianika vipande nje kama hereni, na seli za kinga ziitwazo CD8 hupita zikivisoma. Zikikuta kipande cha kirusi, seli hiyo inauawa. Usomaji huo waliugundua Peter Doherty na Rolf Zinkernagel huko Canberra, Australia, miaka ya 1970, wakapewa Nobel mwaka 1996.

Sasa, VVU vina protini iitwayo Nef, ambayo huzivuta hereni nyingi zirudi ndani. Zipo seli za kinga zinazomshuku yeyote asiye na hereni, lakini Nef huacha chache nje, nazo zikapita.

Kibaya zaidi ni virusi vilivyolala. Vimejipachika katika vinasaba vya seli chache za CD4, kimya, havitengenezi protini. Hakuna cha kuanikwa, kwa hiyo kinga ya mama, hata ikiwa na nguvu, inaziona ni seli zake mwenyewe. ARV nazo huzuia virusi visizaliane. Haziui seli iliyokwisha kuambukizwa wala haziifichui. Tena virusi vikifubazwa, zile CD8 zilizozoea kuvisaka hupungua, maana hazivikuti tena.

Akiacha dawa, vilivyolala vitaamka. Kwa wengi virusi huonekana tena damuni ndani ya wiki chache. Niliwahi kumpokea mama wa rika lake aliyeacha wakati wa mavuno. Aliletwa amebebwa, na bado namkumbuka uso.

Asiache, asipunguze hata kidonge kimoja. Akihamia shambani msimu wa palizi, kopo la dawa liende naye, na wewe mpigie simu jioni umuulize kama amemeza.