Jibu: Mama karuhusiwa asubuhi, mbona tumetoka jioni?

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kwa nini mama aliruhusiwa asubuhi mkatoka jioni. Daktari akishaandika ruhusa kwenye raundi, ndipo kazi inaanza: muuguzi anafunga faili, famasia wanatoa dawa za nyumbani, kisha bili au bima. Kwenye bima ndiko watu wanakokwama, na hapo muuguzi hana la kufanya.

Ila msiharakishe kutoka. Hakikisheni kanula, kile kimrija cha dripu, imetolewa mkononi (wapo wanaofika nayo nyumbani!). Na zile dawa za presha alizokuwa akimeza kabla ya kulazwa, ulizeni: aendelee nazo au zimebadilishwa? Kuna wanaomeza za zamani pamoja na mpya, presha inashuka mno, wanarudishwa wodini. Karatasi ya ruhusa mje nayo siku ya kliniki.