Baba kawekewa pampu ya moyo, mapigo hayasikiki

Dada, pole kwa kuuguza. Unasema umemshika mzee kifundo cha mkono ukakosa mapigo, na mashine ya presha ya nyumbani inaandika hitilafu tu, ilhali yeye anaongea na kula vizuri. Kwa mwenye pampu ya kusaidia moyo inayosukuma damu mfululizo (LVAD), hilo ni jambo la kawaida.

Moyo husukuma damu kwa vishindo, na vishindo hivyo ndivyo mapigo. Pampu yake inavuta damu kutoka chemba ya chini ya kushoto na kuipeleka kwenye aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, bila kupumzika, kama maji ya bomba lililofunguliwa. Damu inafika, mara nyingi lita 4 hadi 6 kwa dakika, ila bila mdundo wa kutosha kuhisiwa na kidole. Hata kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni huweza kudanganya. Presha yake ipimwe kwa dopla, kifaa kinachosikiliza damu ikipita kwenye mshipa; wengi hulengwa presha ya wastani ya 70 hadi 90 mmHg.

Presha hiyo msiipuuze. Ikipanda, pampu inasukuma kwa shida na damu inayopita inapungua. Akiishiwa maji kwa kuhara au kutapika, pampu nayo inakosa cha kuvuta.

Acha kutafuta mapigo. Tazama rangi ya midomo, joto la mikono, na kama anakujibu sawasawa. Akichanganyikiwa, akipata choo cheusi, ambacho huweza kuwa dalili ya kuvuja damu tumboni (anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sivyo?), miguu ikivimba au alamu ikilia, pigia timu yake ya pampu saa hiyohiyo.