Maumivu Si ya Kujifanya, Hata Kama Chanzo Hakimo Mgongoni

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina miaka 36, nashona nguo mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwaka wa pili huu kiuno kinaniuma, na siku nyingine maumivu yanahamia mabegani. Yalianza wakati tunasumbuliwa na kodi ya nyumba. Sikuanguka wala kubeba kitu kizito. Picha ya MRI ilionyesha diski ya L4/L5 (mto laini kati ya pingili mbili za kiunoni) imechomoza kidogo. Daktari wa kwanza alitaka nipasuliwe, wa pili akasema sina kitu, ni stress tu. Nyumbani sasa wanaona najifanya. Je, mtu anaweza kuumwa na mawazo? *Mshonaji, Umoja*

JIBU: Pole sana dada. Hujifanyi. Maumivu yote hutengenezwa na ubongo, hata ya kidole kilichodungwa na sindano ya cherehani. Neva hupeleka habari tu. Ubongo ndio unaoamua kama kuna hatari, na ukiiona unapiga king'ora. Misuli na kano za mgongo zilizoumia kwa kawaida hupona ndani ya wiki 6 hadi 12. Maumivu yakivuka miezi 3 huitwa sugu, na kwa watu wengi jeraha huwa limeshapona ila king'ora kimezoea kulia, kama cha gari linalopiga kelele kila boda boda ikipita. Hofu, deni na usingizi mbovu hukifanya kiwe chepesi zaidi. Kwa hiyo aliyetaja stress hakukosea. Alikosea aliposema huna kitu, na akakosea zaidi kukuachia hapo. Kumtajia mgonjwa stress kisha kumfungulia mlango si matibabu.

Tuje kwa picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 30, asilimia 40 walikuwa na diski iliyochomoza. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 60. Diski kama yako inaweza kuwa kama mvi: ipo, na haiumi. Upasuaji una nafasi yake mguu ukipoteza nguvu, au maumivu ya neva yanayoshuka hadi chini ya goti yakikataa kupungua.

Lakini usiyabebe haya kabla hujapimwa vizuri. Rudi hospitali haraka ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, ukikonda bila sababu, ukiwa na homa au jasho la usiku (kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo hapa kwetu), au kama umewahi kuwa na saratani. Hayo yakiondolewa, angalia dalili kwamba ni king'ora tu kinacholia: maumivu yaliyoanza bila kuumia, yanayohama, yanayopungua ukienda ushago na kurudi jioni ya kudaiwa kodi. Andika kwa siku 14: saa, alama kati ya 0 na 10, ulikuwa ukifanya nini, nini kilikuudhi, ulilala saa ngapi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko MRI ya pili.

Kisha anza kuufundisha ubongo. Kwa siku 3 pima unakaa kwenye cherehani dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda kwa alama 2. Tuseme ni 30, 20 na 25. Wastani ni 25. Anza na 20, simama, tembea dakika 3 hata kama huumwi. Kila baada ya siku 4 ongeza dakika 2. Wengi huharibu kazi siku ya nafuu: mgongo umetulia, mtu anafua mablanketi yote na kupandisha mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne, kesho yake haamki. Ubongo unajifunza tena kwamba kazi ni hatari. Kulala kitandani wiki nzima kunaufundisha vivyo hivyo.

Pia, mara moja kwa siku, maumivu yakiwa kati ya 3 na 5, keti dakika 5 uyatazame: yanachoma au yanabana, yanasogea au yametulia? Jikumbushe kwamba mgongo uko salama. Usifanye hivyo ili yaondoke papo hapo. Ukianza kuchungulia kama yameisha, umerudi kwenye hofu ileile.

Haya si maneno matupu. Huko Boulder, Marekani, watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo walijaribiwa, matokeo yakatoka 2021. Waliofundishwa kuyatazama maumivu hivi kwa wiki 4, asilimia 66 walibaki bila maumivu au karibu bila, dhidi ya asilimia 20 ya waliodungwa maji ya chumvi (dawa bandia ya kulinganisha) na 10 ya walioendelea na matibabu yao ya kawaida. Wengi wao walianza na maumivu ya wastani, kwa hiyo usidhani yatatibu kila mgongo. Mwaka huohuo mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, uliwaambia madaktari wasiwaanzishie wagonjwa wa maumivu sugu ya aina hii parasetamoli, ibuprofeni wala dawa za jamii ya morfini. Watumie mazoezi na tiba ya mazungumzo. Tatizo letu ni foleni: kuandika MRI na sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu ni kazi ya dakika mbili, kusikiliza si hivyo. Mwombe daktari akuandikie fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) pamoja na mshauri nasaha.

SWALI: Nilipewa amitriptilini miligramu 10 usiku kwa maumivu ya mwili mzima. Kemisti akasema ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nimeacha. *Baba Njeri, Kayole*

JIBU: Ndugu, kwa ugonjwa wa huzuni kubwa (depression) dozi hufika miligramu 75 na zaidi. Kwa 10 hadi 25, lengo ni kutuliza njia za maumivu na kurudisha usingizi. Meza muda wa masaa mawili kabla ya kulala, la sivyo asubuhi utasinzia kwenye matatu. Mdomo utakauka na choo kinaweza kuwa kigumu. Ipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuihukumu. Mwambie daktari kama una shida ya mapigo ya moyo, presha ya macho au tezi dume, au kama unatumia tramadoli.

SWALI: Nameza parasetamoli karibu kila siku na kichwa hakiachi kuuma. *Mwalimu, Ruaka*

JIBU: Huenda dawa yenyewe ndiyo inayokiumiza sasa. Mstari wa hatari ni siku 15 kwa mwezi kwa zaidi ya miezi 3. Kwa vidonge vyenye kafeini au kodeini, siku 10. Parasetamoli peke yake unaweza kuiacha mara moja, ukimjulisha daktari. Kichwa kitauma zaidi kwa siku 2 hadi 10, na hapo ndipo wengi hurudia. Panga iwe likizo ya shule. Ya kodeini usiiache ghafla. Ipunguze kwa ratiba ya daktari.