Boti ya alumini haipakwi rangi yenye shaba

Usiipake rangi hiyo. Kama kopo halijafunguliwa lirudishe dukani, na kama limeshafunguliwa mpe mwenye boti ya faiba, kwa sababu hasara ya kopo moja utaisahau lakini hasara ya boti hutaisahau.

Umeeleza kwamba umenunua boti ya alumini ya futi 14 iliyokuwa ikitumika hotelini, kwamba unaiweka Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, na kuvua baina ya hapo na kisiwa cha Tumbatu, na kwamba unataka kuitengeneza kidogo kidogo: sakafu ya mbao yenye zulia, betri ya taa na ya kifaa cha kutazamia samaki, vishikio vya mishipi, kivuli cha turubai, viti vya kukunja, na ile rangi nyekundu ya chini ya kuzuia mwani ambayo muuzaji amekwambia ndiyo wanayopaka wote. Rangi umeitaja mwisho, katika nusu ya mstari, kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mimi naanza nayo, kwa kuwa ukikosea hapo hutakuwa na boti ya kuwekea hayo mengine.

Muuzaji wa duka moja huku Pemba alitwambia maneno hayo hayo, mimi na mdogo wangu, tulipokwenda kutafuta rangi ya boti yetu ya alumini tuliyokuwa tukivulia changu na pono baina ya Wete na kisiwa cha Fundo. Tulimwambia wazi kwamba ni alumini. Hakuuliza lolote. Alisema rangi ya boti ni rangi ya boti, kwamba boti zote za wapiga mbizi zinapakwa hiyo, na kwamba mwani hautashika mpaka mwakani. Fundi aliyekuja kuipaka naye akaitikia, akaongeza kwamba ikipakwa mikono mitatu, yaani tabaka tatu, itadumu zaidi. Ikapakwa kaskazi ilipokuwa ikimalizikia, kabla ya masika kushika.

Kusi ilipolegea tukaileta pwani kwa maji makubwa ya bamvua, yakapwa, yakaiacha juu ya mchanga. Kwa mbali ilipendeza: nyekundu, safi, haina mwani wala vigamba. Nilipoinama chini yake nikaona malengelenge ndani ya rangi, mengi yakiwa madogo kuliko punje ya mtama, yamejipanga kufuata mistari ya ribiti, zile pini zinazounganisha mabamba, na kufuata mkuku, uti wa chini wa boti. Nikapasua moja kwa ncha ya kisu. Ndani yake mlikuwa na ute mweupe kama chokaa iliyoloa. Nilipoufuta likatokea tundu la mviringo lenye ukingo mkali na chini yake peusi. Nikaisukuma ncha ya kisu nikitazamia kugota kwenye bamba, ikapita moja kwa moja ikatokezea ngamani, kule chini ndani ya boti yanakotuama maji. Tukaendelea kupasua mpaka mdogo wangu akaniomba tuache, kwa sababu kila lengelenge lilikuwa na tundu lake, na bamba lililokuwa zima wakati wa kaskazi sasa lilipitisha mwanga.

Kinachotokea ni hiki. Rangi nyingi za chini, hasa hizo nyekundu, hufanya kazi kwa oksidi ya shaba: shaba inayeyuka polepole katika maji ya chumvi, na sumu yake ndiyo inayozuia mwani na vigamba kushika. Kwa mbao na faiba haina neno, kwa kuwa hizo si metali. Alumini ni metali, na metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri. Baina ya shaba na alumini kuna tofauti ya takriban nusu volti. Umeme huo hausikiki mkononi, lakini unapita usiku na mchana kwa muda wote ambao chombo kimo majini, na katika betri hiyo upande unaoliwa ni alumini. Ule ute mweupe ndio alumini yenyewe baada ya kuliwa.

Alumini ina kinga yake ya asili, utando mwembamba sana wa oksidi unaojijenga mara tu hewa inapoigusa, na ndiyo sababu boti iliyotengenezwa kwa alumini ya baharini inaweza kukaa miaka mingi chumvini bila rangi yoyote. Shaba iliyoyeyuka huishinda kinga hiyo kwa namna nyingine tena, kwa sababu chembe zake hutua juu ya alumini zikawa shaba kamili, na kila chembe ikaanza kuchimba tundu lake. Kwa hiyo usidhani kwamba sehemu isiyopakwa imesalimika.

Fundi atakwambia, kama wa kwetu alivyotwambia baadaye alipoitwa kuona kazi yake, kwamba ikitangulizwa praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kuziba bamba, basi shaba haitaigusa alumini. Hoja hiyo ingesimama kama boti yako ingeelea maisha yake yote bila kugusa kitu. Wewe uko Mkokotoni. Maji ya bamvua katika visiwa vyetu hupanda na kushuka karibu mita nne, boti ndogo hubaki kwenye mchanga, hulalia ubavu, huburutwa juu ya mawe na watu wanne wenye haraka ya kuwahi soko. Kila mkwaruzo unaopenya praima hufungua sehemu ndogo ya alumini katikati ya eneo pana la shaba, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, kwa kudhani kwamba mkwaruzo mdogo una madhara madogo. Nguvu yote ya shaba iliyoenea chini ya boti inakusanyika kwenye mkwaruzo huo mmoja, kwa hiyo kadiri ulivyo mdogo ndivyo unavyochimbwa kwa kasi zaidi. Matundu yetu yalifuata mkuku na vichwa vya ribiti kwa sababu hapo ndipo mchanga ulipokuwa umesugua.

Wala haya si maarifa mapya. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivisha meli yake HMS Alarm mabamba ya shaba ili kuikinga na wadudu wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763 shaba ilikuwa salama, lakini misumari ya chuma iliyoishikilia ilikuwa imeliwa, isipokuwa pale ambapo karatasi iliyofungiwa shaba ilibaki baina ya metali hizo mbili. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba metali moja inaweza kulindwa kwa kufungiwa nyingine iliyo tayari zaidi kuliwa, na vipande vya zinki unavyoviona kwenye mashine za boti vinatokana na fikra hiyo. Nayaeleza haya kwa sababu bado nina hasira. Mtu anayekaa nyuma ya meza akauza rangi za boti katika kisiwa kilichozungukwa na bahari ana wajibu wa kujua jambo lililojulikana zaidi ya miaka 250, au angalau wa kuligeuza kopo akasoma nyuma yake, ambako mara nyingi mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba rangi hiyo isitumiwe kwenye alumini. Kopo letu lilikuwa na onyo hilo kwa herufi ndogo. Tuliposogea na yule muuzaji wetu mlangoni penye mwanga akalisoma, akasema hakuna aliyewahi kumletea malalamiko. Malalamiko ndiyo hayo tuliyokuwa tumemletea.

Sasa fanya hivi. Kama unaweza kuipandisha boti yako pwani kila ukirudi, usipake rangi yoyote ya chini. Isugue kwa brashi laini wakati wa maji kupwa, imwagie maji baridi ya bomba, basi. Mwani hauna muda wa kushika chombo kinachokauka kila siku. Kama ni lazima ikae majini, tafuta rangi iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya alumini na isiyo na shaba kabisa. Zipo zinazotumia viuatilifu vingine, kama zinki pirithioni. Zipo pia zenye aina nyepesi zaidi ya shaba ambazo watengenezaji huziruhusu juu ya mikono mingi ya epoksi, lakini kwa mazingira yetu ya mchanga na mawe mimi sizikubali. Kwenye kopo tafuta maneno copper, cuprous au alama ya Cu, na ukiona mojawapo liache dukani. Kabla ya kupaka, kwarua kwa sandipepa na kamwe usitumie brashi ya waya wa chuma, ambayo huacha chembe za chuma ndani ya alumini zikaanzisha ugomvi wao. Praima ya epoksi ipakwe siku hiyo hiyo uliyokwarua, kwa sababu ule utando wa oksidi hurudi mara moja, na ukiwa mnene rangi haishiki.

Kanuni ni hiyo moja: shaba isiingie katika boti ya alumini, si kwa rangi, si kwa waya, si kwa mbao, si kwa kizibo. Ukiishika hiyo, mengi uliyouliza yanajijibu.

Kizibo cha ngama, kwa mfano. Angalia tundu la kutolea maji kule tezi, nyuma ya boti. Kama kizibo chake au pete yake ni ya shaba ya njano, king'oe uweke cha plastiki au cha mpira. Maji ya ngama hayatoki yote, na chochote chenye shaba kilichoanguka humo, iwe sarafu, iwe ndoana ya shaba, iwe mkato wa waya, kinakaa pale pale kikichimba. Hata risasi za mishipi usiziache ngamani, kwani risasi nayo huila alumini ikilala juu yake ndani ya maji ya chumvi. Ziweke katika ndoo.

Betri ndiyo ya pili kwa hatari baada ya rangi. Mafundi waliozoea magari hupenda kufunga waya wa hasi kwenye mwili wa chombo, ili waokoe waya mmoja. Kwenye boti ya alumini jambo hilo ni marufuku. Kila taa na kila kifaa kiwe na waya mbili, chanya na hasi, zinazokwenda mpaka kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri yenyewe. Umeme unaovuja kwenye bamba una nguvu nyingi kuliko ile nusu volti niliyoitaja, na unatoboa kwa muda mfupi zaidi. Betri ikae ndani ya sanduku la plastiki, na kila unapokata waya zikusanye nyuzi zote zilizoanguka, usizipulize.

Kuhusu sakafu, usinunue mbao zilizotiwa dawa. Ile rangi ya kijani unayoiona kwenye mbao hizo mara nyingi inatokana na shaba, na ikiloa inashuka moja kwa moja juu ya bamba. Chukua plaiwudi ya baharini isiyo na dawa, uizibe pande zote na kingo zote kwa epoksi, uweke vipande vya plastiki baina yake na mataruma, zile mbavu za boti, ili isilalie alumini, na uache nafasi ya maji kupita. Zulia achana nalo. Linashika maji ya chumvi, linazuia hewa, na alumini iliyofunikwa na kitu kibichi hutoboka hata bila shaba. Ukikuta povu gumu jeupe chini ya viti usilitoe, kwa kuwa ndilo linaloifanya boti iendelee kuelea ikijaa maji; kama limelowa mpaka likawa zito, badilisha kwa jingine lisilonyonya.

Vishikio vya mishipi vya plastiki vinatosha. Vya chuma kisichoshika kutu vinapendeza, lakini chuma hicho nacho ni kikali kwa alumini, kwa hiyo skrubu zake zitiwe washa za nailoni na gundi ya poliyurethani, zisiguse bamba likiwa tupu. Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kukupigia ribiti, ila mwambie atumie zile zilizofungwa upande mmoja, maana za dirishani zina tundu katikati na zitavuja. Asiweke alama kwa penseli pia, kwa sababu ile iitwayo risasi ya penseli ni kaboni, nayo inafanya kazi ile ile ya shaba. Alama ziwekwe kwa kalamu ya wino.

Mwisho, nunua zinki ya maji ya chumvi, ile ya kuliwa badala ya bamba, uifunge chini ya mstari wa maji kwenye alumini iliyokwaruliwa mpaka ikang'aa. Usiipake rangi juu yake, na ibadilishe inapobaki nusu. Ukipewa ya magnesi ikatae, hiyo ni ya maziwani. Na ukiona mtu anakwambia kwamba zinki itakukinga na ile rangi nyekundu, usimsikilize: zinki moja haiwezi kushindana na shaba iliyopakwa chini ya boti nzima, itakwisha ndani ya muda mfupi kisha zamu itarudi kwa bamba.

Lisome kopo lako sasa hivi, uandike hapa maneno yote yaliyo nyuma yake. Na kama mkono wa kwanza umeshapakwa, sema ulipakwa lini, kulikuwa na praima au hakukuwa, na boti imeshashuka majini au bado iko pwani, kwa sababu namna ya kuitoa rangi hiyo inategemea majibu hayo.