Kupanda daraja ligi za chini Uingereza: pointi peke yake hazitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini Gateshead mwaka 2024 walimaliza ndani ya nafasi za mchujo (playoff) wa kupanda kutoka National League, daraja la tano, halafu hawakuchezeshwa, na kama kweli timu ya mtaani inaweza kupanda mpaka Premier League. Naishi kusini mwa Uingereza na Jumamosi nyingi najitolea getini kwenye klabu ya daraja la nane, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyaona. Naanza na Gateshead, maana suala lao linauma.

Uwanja wanaochezea ni mali ya halmashauri. EFL, wanaosimamia daraja la pili hadi la nne, wanataka klabu inayoingia kwao iwe na uhakika wa kuutumia uwanja wake kwa miaka 10. Gateshead hawakuweza kutoa uhakika huo, wakaondolewa kabla mchujo haujaanza. Solihull Moors, ambao wangekutana nao, wakapita bure hadi nusu fainali. Mwezi wa tano timu hizo hizo mbili zikakutana Wembley kwenye fainali ya FA Trophy, kombe la klabu za chini ya EFL, na Gateshead wakabeba kombe kwa penalti. Timu ilikuwepo, kilichokosekana ni karatasi.

Sasa ngazi zenyewe. Premier League ina timu 20, chini yake Championship, League One na League Two zenye timu 24 kila moja. Hizo 92 ndizo wanazoziona wengi. Daraja la tano ni National League, la sita limegawanywa Kaskazini na Kusini, la saba ni ligi nne, la nane ni ligi nane, na hesabu inazidi kutanuka unavyoshuka. Timu ya daraja la tisa inahitaji kupanda mara nane ifike Premier League. Kanuni zinaruhusu, hakuna anayezuiwa kwa sababu ya jina lake. Dorking Wanderers walianzishwa 1999 wakicheza ligi ya wilaya, na mwaka 2022 walikuwa daraja la tano.

Mahesabu ya chini yamepangwa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kila ligi ya daraja la nane inapandisha bingwa na mshindi mmoja wa mchujo, jumla timu 16. Ligi nne za daraja la saba zinashusha timu nne nne, jumla 16. Pazuri. Shida inaanza pale juu kidogo: National League inapandisha timu mbili tu, bingwa na mshindi wa mchujo wa nafasi ya pili hadi ya saba, wakati League Two wao wanapandisha nne kwenda League One. Msimu wa 2022/23 Notts County walipata pointi 107 na bado hawakuwa mabingwa, kwa sababu Wrexham walikuwa na 111. Ikabidi waende mchujo, wakaupita kwa shida. Msimu wa 2024/25 York City walimaliza wa pili na pointi 96, wakatolewa nusu fainali na Oldham waliokuwa nyuma yao kwa pointi 23. Oldham ndio wakapanda. Ndiyo maana klabu za National League zinadai nafasi ya tatu, na mimi nasema wana haki. Huwezi kumwambia mtu aliyeshika nafasi ya pili kwa msimu mzima kwamba dakika 90 zinafuta yote, wakati ngazi moja juu yake timu tatu zinapanda bila mchujo.

Vijana wengi hawajui kwamba mlango huo wenyewe ni mpya. Kabla ya 1987 hapakuwa na kupanda moja kwa moja kuingia daraja la nne. Timu nne za mwisho ziliomba kupigiwa kura, na wapiga kura walikuwa klabu zilizomo ndani. Klabu hizo zikawa zinalindana. Wigan Athletic ndio wa mwisho kuingia kwa kura, mwaka 1978, wakachukua nafasi ya Southport. Scarborough wakawa wa kwanza kupanda kwa ubingwa, Lincoln City wa kwanza kushuka.

Hata baada ya mlango kufunguliwa, uwanja ukawa kikwazo. Mabingwa watatu mfululizo wa daraja la tano walikataliwa: Kidderminster 1994, Macclesfield 1995, Stevenage 1996. Stevenage walikwenda mpaka mahakamani wakashindwa, na Torquay waliokuwa mkiani kabisa mwa daraja la nne wakabaki. Halafu angalia dunia inavyozunguka: mwaka 2020 Stevenage hao hao walikuwa wa mwisho League Two, wakanusurika. Bury walikuwa wamefukuzwa kwenye ligi mwaka uliotangulia, kwa hiyo msimu ule ilishuka timu moja tu, na Macclesfield wakakatwa pointi mpaka wakaangukia chini ya Stevenage. Mwaka huo huo Macclesfield Town wakafilisika.

Huku kwetu daraja la nane tarehe inayotutoa jasho ni 31 Machi. Ukitaka kupanda, uwanja wako uwe umekaguliwa na kutimiza viwango vinavyotakiwa kufikia siku hiyo. Mkaguzi anahesabu viti, anapima mwanga wa taa, anaangalia vyumba vya waamuzi na vyoo vya mashabiki. Niliwahi kuona timu yetu ikishinda mfululizo huku wazee wa kamati wakishinda uwanjani siku za kazi wanapaka rangi na kufunga viti vilivyonunuliwa kutoka uwanja mwingine. Hawalipwi hata senti. Watu wa namna hiyo ndio wanaoibeba klabu, na majina yao huwezi kuyaona kwenye msimamo.

Na kuna kitu kingine kinachowachanganya wageni: timu inaweza isipande wala isishuke, lakini msimu ukiisha ikahamishiwa ligi nyingine ya ngazi hiyo hiyo. FA, chama cha soka cha Uingereza, wanachora mipaka upya kila mwaka kufuatana na timu zilizoingia na kutoka. Gloucester City, wa kusini magharibi, waliwahi kucheza miaka kadhaa ligi ya Kaskazini. Kwa klabu ya wachezaji wenye kazi zao za mchana, safari ya Jumanne usiku inayochukua masaa manne kwenda na manne kurudi inaweza kuharibu msimu kuliko kipigo. Truro City wa Cornwall walipopanda National League mwaka 2025 walijua kabisa kwamba Gateshead iko upande wa pili wa nchi.

Kwa hiyo mkuu, ukiangalia msimamo wa ligi hizi mwezi wa nne, usitazame pointi na tofauti ya mabao tu. Tafuta alama ndogo za maelezo chini ya jedwali: nani kakatwa pointi, nani kakosa kibali cha uwanja, klabu gani imejiondoa. Hapo ndipo utajua nani anashuka kweli.